Wagawanyaji wa 999.919

Zamani wanaume wa mtaa wa Mangobo waliitesa namba kwa kalamu mpaka ikubali au ikatae. Siku hizi wanaiuliza simu. Papa Mahmoudi, fundi cherehani aliyejifunza hesabu peke yake, alitaka kujua kama ipo namba inayoigawa 999.919 bila baki, mbali na moja na yenyewe. Kwa miezi minne, kila Ijumaa alasiri, Djuma fundi redio na Muhindo muuza vitenge walikuja kugawa pamoja naye. Walijaribu namba tasa tu, na walikuwa wamefika 977. Zilibaki 983, 991 na 997 tu, kwa sababu elfu mara elfu tayari inaipita namba yao.

Ijumaa hiyo Mahmoudi alichonga penseli, akakaa, akasimama, akakaa tena. Muhindo akaja na simu mkononi, Djuma nyuma yake.

"Papa Mahmoudi, bon, tumemaliza! Iko 991 mara 1.009."

"Nani alikutuma?"

"Nilibonyeza tu, papa. Miezi ine tuliumiza kichwa bure!"

Djuma akacheka. "Alors, tutafute kazi ingine."

Mahmoudi hakucheka. Aliwasogezea karatasi zao, akaanza 983 peke yake. Ikabaki 208. Hawakukaa, waliita pikipiki. Alipogawa kwa 991 ikabaki sifuri, akainua kichwa awaonyeshe. Pikipiki ilikuwa ikikata kona ya soko, Djuma amempa mgongo, Muhindo ameinamia simu yake. Hakuwaona tena.