Mwamba wa Choo

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya leseni ya biashara pale halmashauri ya Nyamagana, maana siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara, hata sisi waandishi. Mbele yangu alisimama mzee mmoja anayekaa mlimani. Kaunta ya malalamiko ni hiyohiyo, naye alikuwa amekuja kupinga nyaya za umeme mkubwa kupita juu ya nyumba yake.

"Zifukieni chini," alisema, akigonga kaunta kwa kidole. "Waya ukikatika juu ya bati langu, tunakwisha ukoo mzima."

Karani, mama wa makamo, hakubisha. Alimwuliza jina, akaenda kabatini, akarudi na faili jembamba.

"Mzee, kule kwako si mawe?"

"Mawe gani? Udongo mtupu! Mtaro wa kufukia waya, siku mbili tu mtakuwa mmemaliza."

Karani akamgeuzia faili asome mwenyewe. Ndani kulikuwa na barua ambayo mzee mwenyewe alimwandikia bwana afya mwezi uliopita, alipoamriwa kuchimba choo. Mzee alisoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mstari: "Kiwanja changu ni mwamba mtupu, hata sululu inadunda."

"Sasa mzee wangu," karani akauliza, "mwamba huu ni wa choo tu?"

Mzee alivua kofia, akaichungulia ndani kana kwamba jibu limo humo.

"Basi pitisheni juu," akasema. "Ila juu sana."

Hofu yake ilikuwa ya kweli. Hata mimi nisingelala chini ya waya ule. Lakini sote tuliojenga juu ya mawe ya mji huu tunaujua mwamba wetu. Hulainika mara tu sululu inaposhikwa na mtu mwingine.