Kilio cha Saa Nne Stoo

Fundi cherehani alirudi kiwandani mtoto wake akiwa na miezi mitatu. Sheria ilimpa ruhusa ya kunyonyesha mara mbili kwa siku, lakini msimamizi, mama mkavu waliyembandika jina Kengele, alimwambia hakuna pa kukaa wala wa kumshikia mashine. Maziwa yakamjaa, blauzi ikalowa. Wenzake wakamtania kwamba anamwagilia vitambaa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, akasikia mtoto mchanga akilia nyuma ya mlango wa stoo ya marobota. Maziwa yakamchuruzika papo hapo. Akamuuliza jirani yake nani kaja na mtoto. Jirani hakuwa amesikia kitu; alimshauri apate usingizi. Kesho yake kilio kikarudi saa ileile, kile cha njaa ambacho mzazi yeyote anakijua.

Siku ya sita uvumilivu ukamwisha. Aliacha mashine, akafungua stoo. Mlikuwa na baridi ya kutia ganzi. Kilio kilitoka pembeni, sakafuni, mahali patupu. Akajikuta ameketi hapo hapo, amefungua vifungo, anakamua kwenye kikombe cha chai alichotoka nacho mashineni. Kilio kikashuka, kikawa kwikwi, kikanyamaza.

Alipoinua macho, Kengele alikuwa mlangoni. Fundi akajua kazi imeota mbawa. Lakini yule mama hakufoka.

"Amenyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Umemfanyaje, mdogo wangu? Miaka kumi na tisa namsikia peke yangu."

Ndipo akaeleza. Naye alikuwa mshonaji, akanyimwa ruhusa, akawa anamleta mwanawe kwa siri na kumlaza kati ya marobota. Siku moja oda ilibana, hakuruhusiwa kunyanyuka. Saa nne alimsikia akilia. Alipomfikia mchana, mwili ulikuwa umeshapoa.

"Na sisi ukatunyima," fundi alisema.

"Niliona kwa nini wenzangu wapewe nilichonyimwa mimi."

Fundi hakujua kama anamwonea huruma au anamchukia.

Jioni ile Kengele alikaa ofisini kwa meneja mpaka barua ya ruhusa ikasainiwa. Marobota yakahamishwa, mle stoo vikawekwa viti viwili na pazia. Kilio hakijasikika tena. Ila wanaonyonyesha mle husema kwamba ukimaliza, chumba kikitulia, utasikia pembeni pumzi za mtoto aliyeshiba, amelala. Fundi hutoka kwa kunyata, na kuurudisha mlango taratibu.