Mwanangu Si Bluu

Kiatu kilikuwa mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa namvisha mtoto. Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine, maana pale Ganjoni, langoni mwa shule, habari imeshazunguka kwamba nilitoka nacho nyumbani nikiwa nimekusudia. Sikukusudia kitu. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, ofisini kwa mwalimu mkuu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mimi nimepiga goti mbele yake nahangaika na kishikizo. Ndipo mwalimu mkuu akasema, kwa sauti yake ile ya upole:

"Lakini Mama, hata wewe mwenyewe ulithibitisha."

Nikainuka. Kiatu kikatua juu ya meza yake, pah! Kalamu zikaruka ndani ya kopo. Binti yangu akapiga makofi.

"Nilithibitisha nini?"

"Kwamba mtoto ni bluu."

Mwalimu mkuu hata hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alivuta daftari lake, akaandika neno moja. Nikamuuliza anaandika nini.

"Rangi yako, Mama. Wewe ni nyekundu."

Basi wacha nieleze tulifikaje hapo.

Mwalimu mkuu ni mama wa makamo, mtu wa bara, na watoto anawapenda kwelikweli. Sikuwa na neno naye mpaka alipokwenda semina. Siku tatu katika hoteli ya ufuoni, akarudi na rangi nne. Nyekundu ni mtoto wa kuongoza na kugombana. Manjano ni msemaji, mchangamfu. Kijani ni mpole wa kusaidia wenzake. Bluu ni mnyamavu, mwoga wa watu, wa kupewa muda. Meza za chekechea zikapakwa rangi. Fomu ya maswali thelathini ikatumwa kila nyumba ndani ya mkoba wa mtoto, na haikupita wiki mbili binti yangu akarudi na utepe wa bluu kifuani.

Nilicheka. Nilidhani utepe ni utepe. Kisha, muhula ukikaribia kwisha, ikaja barua: watoto wa bluu wanapendekezwa kurudia chekechea mwaka mzima "ili wakomae kijamii." Wenzao waende Gredi ya Kwanza, wangu abaki kwenye viti vidogo na watoto wanaojikojolea.

Sasa sikiliza huyo mnyamavu mwenyewe. (Nasema mashaallah, na wewe unayesoma sema.) Asubuhi tukitoka nyumbani, Mji wa Kale, mpaka tufike barabarani ameshaamkia milango saba na kumuuliza muuza mahamri kwa nini ya leo ni madogo. Kwenye harusi ya jirani alipanda jukwaani, akajibana kando ya bibi harusi, akaimba mpaka shangazi zake wawili wakaenda kumteremsha. Husoma mabango ya maduka kwa sauti, na akikuta lililokosewa humwita mwenye duka nje. Huyo ndiye mwoga wa watu.

Nilimpelekea baba yake ile barua. Mume wangu anafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na ofisini kwao nako walikuwa wamepimwa, ila wao walipewa herufi. Kila mtu herufi nne. Zake anazo kwenye simu, chini ya picha yake. Kwa mujibu wa herufi ya kwanza, watu wanamchosha, kwa hivyo wageni wakija nisimtarajie sebuleni.

"Herufi hiyo ilikuwa wapi ulipokuja kwetu kuposa?" nikamuuliza. "Ulikaa mpaka chai ya pili. Babangu akaanza kuzima taa."

"Ile ilikuwa juhudi," akasema. "Nililala siku mbili."

Lakini alinisaidia. Tukamjibia mtoto maswali ya herufi, mimi na yeye, kwa ukweli wa Mungu, na herufi zikatoka za mtu wa kuamrisha watu. Nikaingia kwenye simu nikapata na mtindo mwingine, wa namba, moja mpaka tisa. Mtoto akatoka nane, mtu wa mapambano asiyekubali kuonewa. Nikajipima na mimi. Nane. Nikarudia kwa kujibu kistaarabu zaidi. Nane. Nikaitupa simu kwenye kochi.

Mavyaa wangu, mamake mume wangu tunayeishi naye, alikuwa akichambua mchicha akitutazama kama watu waliopotelewa.

"Mwahangaika bure," akasema. "Mtoto huyu alipozaliwa, jina lake na jina la mamake yalihesabiwa herufi kwa herufi. Nyota yake moto. Hukuambiwa?"

Niliambiwa. Wazee wetu nao wana vyumba vyao vinne: nyota za moto, za upepo, za udongo na za maji. Hapo ndipo nikapata wazo. Ijumaa alasiri tulikwenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo, mtoto akawa anawapanga watoto asiowajua kwa urefu, na mimi nikafungua daftari magotini nikapiga mistari. Moto kando ya nyekundu. Upepo kando ya manjano. Udongo kando ya kijani. Maji kando ya bluu. Zikalingana uzuri mpaka nikashtuka: watu wa semina na wazee wa nyota hawajapata kuonana, na wamegawa binadamu kwa kisu kimoja.

Tatizo likawa zile nyingine. "Za herufi ziko kumi na sita," mume wangu alisema, kinywa kimejaa muhogo wa kukaanga. "Gawa kwa nne. Nne kila chumba."

"Na za namba, tisa?"

Akatafuna. "Mbili mbili. Inabaki moja."

"Hiyo moja niiweke wapi?"

"Huyo ni mamangu," akasema. "Andika peke yake chini."

Nilicheka mpaka nikamwaga ukwaju, lakini nikatazama tena na kuona kwamba hakutania sana. Mavyaa akiwa na mimi jikoni ni moto. Akija mwanawe kutoka kazini ni maji, tena ya kunywa. Wakiingia wageni ni upepo, anacheka na kila mtu. Asubuhi na tasbihi yake ni udongo, hata ukimpita hakuoni. Ukimpima, jibu litategemea nani ameingia mlangoni. Hilo nililiandika pembeni mwa daftari na nikaona nimewashinda wenye semina.

Hata hivyo hesabu ilikuwa wazi. Nyota, herufi na namba, zote tatu zilimweka mwanangu chumba kimoja, cha moto. Shule peke yake ilimweka majini. Jumatatu nikaenda kuomba kuiona ile fomu.

Mwandiko niliujua kabla sijasoma neno. Herufi zimelalia kushoto, kama zinataka kurudi zilikotoka. Mavyaa alijifunza kuandika Kiarabu kwanza, na kalamu yake haijasahau. Siku fomu ilipokuja mimi nilikuwa kliniki na mdogo wake mtoto. Je, mtoto huzungumza na watu asiowajua? *Hasemi.* Huimba au kughani mbele ya wengine? *Hana sauti.* Huanzisha michezo? *Hawezi, mgonjwamgonjwa.* Ana kipaji gani maalumu? *Hana, maskini.*

Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nipoe. Sikupoa.

"Mama, fomu ya shule uliijaza wewe?"

"Nani mwengine? Weye hukuwapo."

"Umeandika mtoto hana sauti."

"Naam."

"Mtoto ambaye juzi jirani wa ghorofa ya tatu aliteremka kumwomba anyamaze?"

Mavyaa akaweka kisu chini. "Wewe wataka nimwandikie mtu nisiyemjua kuwa mjukuu wangu ana sauti, ana akili, ajua kusoma? Karatasi yenyewe itapita mikononi mwa nani na nani? Atie jicho mtu huko, mtoto aamke na homa, hiyo semina yao itamponya?"

Ndivyo nilivyolelewa na mimi. Kwetu hupeleki sifa za mtoto nje, kijicho hakina dawa ya dukani. Akisifiwa, unamshusha haraka kabla sifa haijatua. Mavyaa hakumkosea mjukuu wake. Alimfunika.

Basi nikachukua fomu mpya niijaze mwenyewe, kwa ukweli. Swali la kwanza tu, mkono ukagoma. Nilitazama nyuma, kama kuna mtu chumbani. Nikaandika "Ndiyo, huzungumza na kila mtu," na pembeni nikaandika mashaallah. La pili vivyo hivyo. Fomu ilipokwisha ilikuwa na majibu thelathini na mashaallah thelathini. Nikaipeleka shule, na mtoto nikiwa nimemshika mkono, kiatu chake kimoja kimefunguka njiani.

Mwalimu mkuu aliisoma yote. "Fomu hujazwa mara moja kwa mwaka, Mama," akasema. "Mzazi akishajua rangi anayoitaka, haipimi tena."

Nikamketisha mtoto. Nikaeleza, kwa adabu zangu zote: bibi yake alijaza, bibi aliogopa jicho, sisi hapa hatuwasifu watoto kwa watu. Alinisikiliza vizuri, nisimsingizie. Akasema amenielewa kabisa, tena kwao bara pia kuna mambo kama hayo. Nikaona yamekwisha, nikapiga goti nimvishe mtoto kiatu.

"Ila mimi sikutegemea fomu pekee," akaendelea, na akafungua daftari. "Muhula wa pili, langoni. Nilikwambia mtoto wako ni mchangamfu. Ukajibu: 'Huyu? Wapi, Mwalimu! Nyumbani kama gogo.' Mara nyingine nikakwambia anasoma vizuri. Ukajibu: 'Bahati tu hiyo.' Nimeandika hapa: mama amethibitisha."

Nilisema. Wallahi nilisema, tena kwa tabasamu. Nilikuwa najibu vile mtu anavyoitikia salamu. Na ndipo aliposema lile neno la hata wewe mwenyewe, na kiatu kikaenda mezani.

Alipomaliza kuniandika nyekundu, nikamuuliza polepole:

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeniambia ni mchangamfu?"

"Mimi."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Mama."

"Na anasoma?"

"Anasoma vizuri sana. Anawasomea wenzake."

"Sasa?"

"Sasa, mzazi ndiye anayemjua mtoto," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusaidia. "Uamuzi umeshapelekwa kwenye kamati. Kama hukuridhika, waandikie."

Kidato cha nne nilikimaliza, na barua rasmi nilifundishwa. Niliandika siku hiyohiyo kwenye meza ya chakula. Mavyaa akaomba asomewe. Nilipofika kwenye sifa akashika kifua. "Hilo la kusoma litoe," akasema. Nikamwambia silitoi, nikilitoa abaki chekechea. Midomo yake ikaanza kwenda, najua alikuwa anamsomea mtoto kinga. Kisha akasema, bila kunitazama: "Basi tia na kuhesabu. Hesabu pia ajua."

Nikatia. Barua niliyoipeleka, na karani wa shule akaipiga muhuri mbele yangu, ni hii:

*Kwa Mwenyekiti,*
*Kamati ya Shule.*

*Bwana Mwenyekiti,*

*MINTARAFU: MALALAMIKO KUHUSU MTOTO WANGU KURUDISHWA CHEKECHEA KWA SABABU YA RANGI*

*Mimi ni mzazi wa mtoto wa meza ya bluu. Nalalamika kwamba mwanangu amezuiwa kuingia Gredi ya Kwanza kwa kutumia fomu iliyojazwa na bibi yake na maneno niliyoyasema mimi langoni. Yote mawili hayakuwa kweli. Tuliyasema kwa kumkinga mtoto, kama wazazi wengi wa mji huu wanavyofanya. Naomba kamati ichunguze ni watoto wangapi wengine wa meza hiyo wana mabibi.*

*Pili, mwalimu mkuu alimwona mtoto kwa macho yake, akamsikia kwa masikio yake, kisha akaacha alichokiona akafuata nilichokisema. Sioni semina gani inafundisha hivyo.*

*Tatu, nimelinganisha rangi za shule na mitindo mingine mitatu ya kupima tabia. Jedwali nimeambatisha. Mtindo mmoja ulibakisha mtu asiye na chumba. Siombi mwanangu abadilishiwe rangi awe nyekundu. Naomba asihukumiwe kwa rangi yoyote.*

*Naandika haya kwa ukweli, na si rahisi kwangu kuyaandika: mwanangu anasoma. Anahesabu mpaka mia na kurudi. Anaimba. Haogopi mtu. Yuko tayari.*

*Naomba mwalimu yeyote akae naye nusu saa, bila fomu, amuulize yeye mwenyewe, aandike atakachokisikia. Naomba jibu kabla shule haijafungwa, kwa kuwa ameshaniuliza mara mbili wenzake wanakwenda wapi, na mara zote mbili nimemdanganya.*

*Wako,*
*Mzazi.*