Laini Moja, Nyumba Mbili

Simu tuliipata baba alipokuwa bado msimamizi wa pampu katika mradi wa mpunga. Mafuriko yalipoubomoa mradi, gari lilirudishwa, mishahara ikakoma, na wenzake wakafunga virago mmoja mmoja. Simu ikabaki. Ilikaa kwenye meza ya ukumbini, nyeusi, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama mwenyewe. Mtaa wetu wa Garsen haukuwa na nyingine, kwa hiyo nyumba yetu haikukosa wageni: huyu kapigiwa na mwanawe wa Nairobi, yule anataka kuuliza bei ya ng'ombe Mombasa. Baba hakumfukuza mtu. Nadhani ilimpa sababu ya kuvaa shati safi asubuhi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala nasi, palikuwa na zahanati ndogo, na nyuma yake nyumba ya nesi. Alikuwa mwanamke wa Kipini, ambako 'kuja' ni 'kuya', mjane, rika la mama. Sisi tulimwita Mama Nesi. Mama alimwita shoga. Jioni walikaa barazani kwetu wakichambua mchicha na kucheka mambo ambayo nikitokea waliyanyamazia. Waliokuja na misaada wakati wa mafuriko walimwachia kompyuta, ili awe anapeleka habari za magonjwa. Wakasahau kwamba zahanati haina simu. Basi aliandika ripoti zake, akazichapa, akampa dereva wa lori bahasha aifikishe Malindi. Kuna ripoti zilizofika na wagonjwa wake tayari wako kaburini.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kompyuta Mombasa. Likizo moja alikuja na kompyuta kuukuu ya kwetu, modemu ya kuiunganisha na simu, na boksi lililofungwa kwa blanketi. Ndani mlikuwa na vifaa viwili vyenye antena, alivyouziwa na mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alituketisha wote ukumbini, na Mama Nesi akaitwa.

"Kompyuta yetu itaingia kwenye intaneti kwa laini hii ya simu," akasema. "Halafu hiki cha hapa kitazungumza na kile cha kwa Mama Nesi, hewani, bila waya wowote kuvuka barabara. Laini moja, nyumba mbili."

"Kama redio ya polisi," baba akasema.

"Kama hiyo, ila inabeba barua."

Mama alikuwa akikunja nguo. Akauliza, "Na mtu akitupigia wakati huo?"

"Atasikia inatumika, mama. Atapiga tena."

Baba alikubali papo hapo. Mtu aliyewahi kuyasukuma maji ya Tana hadi mashamba yasiyoonana na mto hakuona ajabu kusukuma maneno hadi ng'ambo ya barabara. Siku mbili kaka alishinda juu ya mabati akisimamisha mlingoti. Palikuwa na mwarobaini kati ya nyumba zetu, na majani yake yalikatiza mawimbi, hasa yakiwa yameloa. Baba akashika panga akapunguza matawi yeye mwenyewe. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya mwenye kinu cha posho, aliyetuvutia waya. Kinu kikinguruma, kompyuta zinaamka. Kikizima, zinalala.

Na ilifanya kazi, nisiseme uongo. Ilikuwa ya polepole, ikikatika na kuanza upya, lakini Mama Nesi alimwandikia daktari Nairobi mchana na kujibiwa mchana uleule. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila karo ya kuendelea, kwa hiyo nikawa naenda kumsaidia kuchapa. Yeye alichapa kwa kidole kimoja, akikemea herufi kama watoto watundu.

Baba alianza kuvimba miguu mvua ndogo ilipoisha. Kisha pumzi ikawa inamshinda akilala. Mama Nesi alimpima, akamvuta mama kando, akamwambia huyu apelekwe Malindi, hospitali kubwa, asingoje. Siku zile mabasi hayakutoka Garsen peke yake. Yalikusanyika asubuhi yakasindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wa njiani. Ukikosa msafara wa asubuhi umekosa siku nzima. Mama alitaka kwenda naye. Baba akakataa, akasema nyumba isiachwe, mdogo wake atamsindikiza. Akapanda basi kwa kushikwa huku na huku, akatupungia mkono dirishani.

Baba mdogo alitupigia kila jioni. Habari zilikuwa njema. Miguu inapungua, anakula, daktari amesema Ijumaa huenda wakamruhusu. Mama akaanza kutafuta kuku wa kumchemshia.

Kuhara kulianza kwenye kambi za wafugaji waliokuwa wameteremsha ng'ombe kwenye nyasi za delta. Wafugaji wawili wa Kiorma walifika zahanati na mtoto kwenye machela ya miti; mtoto alikuwa ameshakauka, macho yamezama. Akafa mlangoni. Kufikia jioni walikuwa wameletwa wengine, na sakafu ya zahanati ilijaa. Chupa za maji ya dripu zikaisha siku ileile.

Kesho yake Mama Nesi alimwomba mwenye kinu awashe jenereta mapema, na mwenye kinu, ambaye mke wake alikuwa mmoja wa waliolala pale sakafuni, akawasha jua halijapanda. Tukaingia kwenye intaneti. Daktari wa Nairobi alijibu kwa maswali: wangapi, umri gani, wanakunywa maji wapi, wamekufa wangapi, kuna mahali ndege inaweza kutua? Mama Nesi alikuwa akisimama kutoka kwa mgonjwa, ananitajia majibu mlangoni bila kuingia kwa sababu ya mikono yake yenye uchafu wa wagonjwa, nami nachapa. Mawimbi yalikatika, yakarudi. Aliogopa kuiachia laini, kwani tukitoka huenda tusiingie tena. "Usiifunge," alikuwa akiniambia. "Usiifunge, mwanangu, mpaka watwambie ndege inakuya."

Hivyo ndivyo tulivyoshinda, tangu asubuhi hadi jua likielekea kuzama. Habari ya ndege ilikuja alasiri. Bado kulikuwa na maswali ya dawa, na ya nani atalinda uwanja.

Kisha mkanda wa kinu ukakatika. Jenereta ikazimwa, kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na katika ule ukimya nikasikia, kutoka ng'ambo ya barabara, simu yetu ikilia.

Nilivuka polepole. Nilikuwa nimechoka, nawaza uji. Nilipoingia mama alikuwa ameshika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Mmeshamzika?" alikuwa akiuliza. "Mmeshamzika, unasema?"

Mengine tuliyajua baadaye, baba mdogo aliporudi, na ingekuwa heri asingetueleza yote. Asubuhi ile baba aliamka pumzi zimembana. Alijijua. Akamwambia mdogo wake, nataka kusema na mama watoto. Kulikuwa na simu ukutani kwenye ujia wa hospitali, na muuguzi mmoja mwenye huruma akawaruhusu. Baba mdogo akampeleka akiwa amemkumbatia kiunoni, akampigia, akamwekea sikioni. Inatumika. Wakangoja kwenye benchi. Wakapiga tena. Inatumika. Baba akasema, "Watakuwa wanafanya kazi." Akataka kungoja palepale, lakini alikuwa anatetemeka, akarudishwa kitandani. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Baba mdogo aliendelea kupiga ili amuulize mama: tumlete nyumbani au tumzike huku? Alipiga kituo cha polisi cha Garsen, akaahidiwa kwamba mtu atatumwa. Hakuja mtu. Wazee wa msikiti wakamwambia joto hili halimngoji maiti. Wakamzika baada ya alasiri, Malindi, kwenye makaburi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyelala humo.

Kesho yake mama aliondoka na msafara, akaonyeshwa lundo la mchanga, akarudi na msafara uliofuata, akaingia eda.

Ndege ilikuja. Nilisikia mlio wake nikiwa nimeketi na wanawake kwenye jamvi. Ilileta dawa, na madaktari wawili waliokaa wiki nzima. Watu wengi waliokuwa kwenye ile sakafu walisimama kwa miguu yao, akiwemo mke wa mwenye kinu.

Mama Nesi alikuja kutoa pole siku aliyopata kuiacha zahanati. Alipiga magoti mbele ya mama, bado ananuka dawa.

"Shoga, sikuyua," akasema. "Wallahi sikuyua. Mumeo alikuwa mzima. Tulisema Ijumaa aya nyumbani."

Mama alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe.

"Sema nami, shoga. Nitukane ukitaka."

"Wagonjwa wako walipona?" mama akauliza.

"Wengi walipona."

"Alhamdulillahi. Mimi sikatai hilo." Akasema taratibu, kama anayemweleza mtu mgeni njia ya kupita: "Ningemwambia mdogo wake angoje. Neno moja tu. Angoje hadi kesho nifike. Na yeye mwenyewe, kile alichotaka kuniambia, sasa nitamuuliza nani?"

Mama akajifunika kanga hadi usoni, na wanawake wakamwashiria mgeni atoke.

Kaka alikuja kutoka Mombasa, akalia, akataka kumweleza mama kwamba sasa kuna huduma ya kuhifadhi ujumbe, na kwamba laini ya pili ikiombwa, mambo haya... Mama alimkata kauli.

"Panda juu ukaondoe kile kitu."

"Mama, zahanati itafanyaje?"

"Panda."

Akapanda. Sisi tuliokuwa chini tulisikia misumari iking'olewa kwenye bati, na ng'ambo ya barabara Mama Nesi alikuwa amesimama kwenye kivuli cha zahanati akitazama. Akarudia bahasha zake na madereva wa malori.

Miezi kadhaa baadaye, eda ikiwa imekwisha, alikuja mwanamke wa Kiorma na kibuyu cha maziwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. "Nyumba ya simu?" aliuliza. Alimwonyesha mama mtoto aliyekuwa amemshika mkono, msichana mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, akasema, "Huyu kufa, halafu bado. Nesi sema, nyumba hii saidia." Mama aliyapokea maziwa kwa mikono miwili, akamketisha, akamtilia chai, akampa mtoto mkate. Wageni walipoondoka aliyachemsha yale maziwa, akatugawia kila mmoja kikombe. Yeye hakunywa. Niliona kikombe chake kimewekwa kifudifudi.

Mwaka haukuisha Mama Nesi akahamishwa, akapelekwa upande wa Lamu. Siku ya kuondoka alikuja kusimama nje ya baraza letu na sanduku lake. Mama alitoka hadi mlangoni.

"Nenda salama," akamwambia.

"Nami nakuombea, dada."

Mama Nesi hakumwita shoga tena. Nilimbebea sanduku hadi stendi. Njiani aliniuliza kama nimepata chuo, nikasema bado, akanishauri uuguzi, kisha akasema la, usisomee uuguzi.

Aliyekuja badala yake alikaa wiki tatu akaomba uhamisho. Zahanati ikafungwa kwa kufuli la nje. Wagonjwa waliofika walikaa chini ya ukuta wa zahanati hadi mtu awaambie hakuna mtu, ndipo wanaondoka, wengine wakibebwa. Mama aliwaona wote kutoka barazani. Siku nyingine aliwapelekea maji.