Bei ya Saa ya Marehemu

Shemeji yangu wa Mbale aliniibia saa mchana kweupe, mbele ya wazee wa ukoo wao, na wazee wakamshukuru. Nalitanguliza hilo ili ajulikane mapema ni mtu wa namna gani.

Mume wangu alikuwa mzamiaji hapa Jinja. Alikuwa akishuka chini ya maji kwenye bwawa la umeme kuondoa magugu na takataka zinazonasa. Saa yake alipewa na mzungu mzee aliyemfundisha kazi. Ilikuwa ya chuma, nzito, kuukuu kuliko ndoa yetu, ina pete ya nje inayozungushwa ili mzamiaji ajue amekaa chini dakika ngapi. Hata kulala alilala nayo. Maji hayakumfanya kitu mume wangu. Ni ini lililomuua, kitandani, taratibu, na tukamzika kwao Mbale.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Shemeji ana duka la simu pale mjini, kwa hiyo wazee wakamwambia yeye ndiye aseme kila kitu kina thamani gani. Akaanza na cherehani. Akasema hiyo ni mali kubwa, apewe mjane, asije akalia kwamba ukoo umemtupa. Sasa ile cherehani niliinunua mimi, kwa jasho langu, kabla sijamjua ndugu yake, nikaja nayo kutoka kwetu Busia, upande wa Kenya. Nilirithishwa mali yangu mwenyewe, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Kisha akainua saa. Akaiweka sikioni, akasema, "Hii imekufa. Haina bei. Mimi nitachukua tu ya kukumbuka ndugu yangu."

Nikasema haijakufa. Saa za aina ile hujijaza nguvu kwa mwendo wa mkono. Ikilazwa mezani siku mbili tatu inasimama, na mkono wake ulikuwa umeshazikwa. Mama mkwe akanigeukia. Akasema kwa Lumasaba, lugha yao, kwa sauti, wote wakisikia, "Mwanangu yuko udongoni, wewe unalilia chuma? Unapenda mali kuliko mtu."

Tangu siku hiyo nikawa kwao Mkenya mpenda mali. Watoto wa ukoo nao wakalishika neno hilo, na dada za mume wangu wakaacha kunipigia simu.

Nilirudi chumbani kwangu Bugembe, kando ya Jinja, na hasira ambayo haikunipa nafasi ya kulia vizuri. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Cherehani nikaiweka pembeni, nikaanza kuuza saa za mitumba soko la Jinja. Watu hudhani napenda saa. Sipendi saa. Nilijifunza saa jinsi mtu anavyojifunza njia anayopita adui yake. Nilifungua mifuniko ya nyuma, nikatazama mashine, nikalinganisha picha kwenye simu mpaka macho yakauma. Maafande wa kambi ya jeshi wakawa wateja wangu wakubwa, maana afande anataka saa nzito, na mimi ndiye ninayeongea nao Kiswahili, lugha ya askari huku Uganda, bila kutetemeka.

Na bei ya haki nilijifunza hivi. Usisikilize bei anayoitaka mwenye saa. Tafuta bei ambayo watu wamelipa kweli kwa saa kama hiyo. Tazama alama za usoni, zile zilizokuwa ziking'aa gizani. Zikiwa zimegeuka rangi ya samli na mishale nayo ni ya samli, vimezeeka pamoja. Mishale ikiwa myeupe, kuna mtu ameibadilisha, punguza. Kona za chuma zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, saa imesuguliwa ing'ae, punguza tena. Ondoa gharama ya fundi. Wala usilipe hata senti kwa ahadi kwamba bado inaweza kuzamishwa majini. Mpira wa ndani unaozuia maji hukauka, na saa kuukuu ukiizamisha umeiua.

Siku moja mteja wangu mmoja, Mkenya mwenye malori yanayopita barabara hii ya kwenda Kampala, alinitumia picha. Yeye huvaa saa kuukuu tu. Akasema kuna mtu Mbale anauza ya mzamiaji, twende nimpimie. Nikaitazama picha. Kwenye pete ya nje palikuwa na mkwaruzo mrefu uliokatiza namba, na mkwaruzo huo niliuona ukizaliwa. Nikamwambia nitakwenda, ila tufanyie bei nyumbani kwa mama wa huyo muuzaji, tusifanyie dukani.

Nieleze kwa nini. Nilipoolewa sikujua Lumasaba hata neno moja. Mama mkwe, tukibaki wawili jikoni, alizungumza nami Kiswahili, tena chepesi. Alikipata enzi za utawala wa jeshi, alipokuwa akipika karibu na kambi, na mambo aliyoyaona huko hakuyasimulia. Mlango ukifunguliwa alinyamaza. Aliniambia hicho ni Kiswahili cha bunduki, wanawe wasijue anacho. Na kweli hawakujua. Shemeji alikuwa na hakika kabisa kwamba mama yake akisikia Kiswahili anasikia kelele tu.

Ndani ya gari nilimweleza mnunuzi kila kitu. Akacheka, akasema yeye anataka saa kwa bei ya haki, ya ukoo tumalizane wenyewe. Nikamwambia bei itakuwa ya haki hata kama muuzaji angekuwa shetani.

Shemeji alinipokea kwa meno yote nje. "Shemeji, umenona! Jinja inakulisha." Alidhani yaliyopita yameshapita. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage. Nikamsalimia kwa Lumasaba, akaitikia bila kuinua macho.

Saa ikawekwa mezani. Iliponifikia mkononi niliigeuza mbele na nyuma, maana nilikuwa kazini. Uso ni wake, mishale ni yake, kona hazijaguswa. Ilikuwa saa nzuri sana. Nikaanza kuiponda.

"Pete imepauka," nikasema.

"Kupauka ndiyo inaongeza bei, shemeji. Huko nje wanatafuta hiyo rangi."

"Mfuniko wa nyuma una makovu ya fundi."

"Ni kidogo. Hii iko ya asili yote, bosi, usisikie huyu."

Kizuri chajiuza, wanasema, lakini mwenye duka hawezi kusikia bidhaa yake inashushwa akatulia. Huyu namjua. Nikaiweka saa mezani, nikamwambia mnunuzi, "Mimi mashine yake siiamini. Hii saa ilishakufa. Wazee wa ukoo mzima waliambiwa imekufa. Saa ikifa na kufufuka, mtu halipi zaidi ya bei ya chuma chakavu."

Shemeji akacheka. Akamwegemea mnunuzi kama wanaume wawili wenye siri.

"Haikukufa hata siku moja, bosi. Ile nilisema tu kwa wazee. Wazee wanajua nini? Mimi nilijua bei yake zamani, niliona kwa simu. Hata ndugu yangu, akiwa kitandani mgonjwa, nilimwambia uniuzie, utakufa nayo ya nini. Akakataa."

Hilo la kitandani sikulijua. Nilikuja kumtega aseme alidanganya wazee, basi. Kumbe alikaa kando ya mume wangu anayekufa akimhesabia saa mkononi, na mume wangu hakuniambia. Nilitaka kumrukia. Nilishika ukingo wa meza.

Maharage yalikuwa yameacha kulia kwenye ungo.

"Weka saa chini," mama mkwe akasema. Kwa Kiswahili. Sauti ilikuwa ya amri, sauti ambayo nadhani aliisikia kwa wengine enzi hizo. Shemeji alikuwa ameishika saa kumwonyesha mnunuzi. Akageuka kumtafuta aliyesema.

"Wewe. Weka chini. Mimi nasikia yote."

Akaiweka. Sijawahi kuona mtu mzima akipungua kimo hivyo.

"Uliuliza mtoto yangu saa, na yeye anakufa?"

Shemeji akajaribu kujibu kwa Lumasaba, akakatizwa. Mama akasimama, akachukua saa, akainyoosha kwangu, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaogopa itaonekana.

Mnunuzi akakohoa. Akauliza kama safari yake imeishia hapo. Nikamwambia hapana, anaweza kuinunua. Akauliza sasa bei itapanda kiasi gani. Nikamwambia bei ya haki haibadiliki kwa sababu mwenye mali amebadilika. Nikaitaja, nikamwonyesha kwenye simu saa tatu za namna hiyo na watu walizilipia nini, nikatoa gharama ya fundi. Hakubishana. Akanilipa palepale, shemeji akitazama kila noti inavyopita mbele ya pua yake.

Mama mkwe alipigwa na butwaa. "Unauza? Ya bwana yako?"

"Ndiyo, mama. Si mimi napenda mali?"

Shemeji akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona amesimama tu uani, mikono kiunoni, majirani wawili wakimsalimia bila kuitikiwa. Sikumwonea huruma. Simwonei hata leo.

Kumbe mama alikuwa amepika. Malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, chakula anachopikiwa mgeni anayeheshimiwa, tangu alipoambiwa asubuhi kwamba nakuja. Sahani zilikuwa zimeshapangwa. Nikachukua mkoba wangu nikasema gari linangoja. Kule, kuacha chakula ulichopikiwa si jambo dogo, na sisi wawili tulilijua hilo vizuri.

Akanifuata mpaka mlangoni. Akanishika mkono, na pale kizingitini, mwanawe na majirani wakiwa uani, akaniuliza kwa Kiswahili, bila kujificha tena, kama nimemsamehe.

Nikamjibu kwa Lumasaba, kwa sauti, ili wote wasikie. Nikasema bado.