Kijerumani Ukumbini kwa Baba

Nakumbuka alasiri moja, miaka ya themanini, nimerudi Malindi likizoni kutoka chuo kikuu Nairobi. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma Kijerumani: lugha yenyewe, fasihi yake na mila za wenyewe. Sijavua hata buibui, baba akaniita ukumbini. Alikuwa muuza vitambaa, mtu mpole, lakini siku hiyo hakunitazama usoni.

"Chuoni hutarudi," alisema. "Watu wananiuliza dukani, binti yako anasomea kuzungumza na watalii? Vijana wa ufukweni wanakijua Kijerumani bila chuo."

Mwanangu, nililia. Aliyeniokoa ni shangazi Mwanaisha, dada yake mkubwa, ambaye baba hakuthubutu kumpandishia sauti.

"Umemhukumu mtoto kwa maneno ya dukani," alimwambia. "Umewahi kumuuliza anasoma nini?" Kisha akanigeukia mimi, mkali vilevile. "Nawe futa machozi. Kama kuna kitu umejifunza huko, tuambie kwa lugha tunayoielewa. Kama hakuna, baba yako ana haki."

Nikawasimulia hadithi tuliyoisoma darasani. Mama mmoja wa kijijini, katika nchi ya baridi, mwanawe amekwenda vitani. Kila mwaka baridi ikipungua, hulitoa koti la mwanawe akalianika juani, na majirani humcheka. Niliitafsiri polepole, natafuta Kiswahili cha kwetu. Nilipokwama, shangazi alinipa neno.

Nilipomaliza, baba akauliza kwa sauti ya chini, "Alirudi?"

"Kitabu hakisemi, baba."

Ndipo nikayaona macho yake yamelengwa na machozi. Ami yangu, mdogo wake baba, alipanda meli ya mizigo kabla sijazaliwa, asisikike tena, na bibi alikufa akimngoja. Nyumbani jina lake lilikuwa halitajwi. Siku ile baba alilitaja.

"Mama alikuwa akikipiga pasi kikoi cha Athmani kila Idi," alisema, akaendelea kusimulia mpaka adhana ya magharibi. Alipoinuka kwenda kutawadha, aliniwekea mkono kichwani. "Rudi ukamalize. Lakini na hao Wajerumani nao uwasimulie habari zetu."

Nilimaliza, mwanangu, nikaifundisha lugha hiyo mpaka nikastaafu. Na kila Mjerumani aliyekuwa rafiki yangu anamjua bibi yangu.

Basi wewe unayejiandaa kwenda kusoma lugha ya watu, isome mpaka umfahamu anayeisema, furaha yake na msiba wake. Usijifanye mmoja wao, wala usione haya kusema kwenu ni wapi. Na jamaa zako wakikuuliza masomo hayo yana faida gani, usiwakasirikie. Kaa nao, watafsirie.

Mola akufungulie kifua chako, akupe walimu wema na marafiki wa kweli, na elimu yako iwe nuru kwako na kwa watakaokusikiliza. Amina.