Kukaribishwa Mara Tatu

"Sijamwomba mtu kitu tangu niote ndevu, na ndiyo maana maisha yangu ni mazuri kuliko ya kwenu nyote."

Orrin Tveit aliyasema hayo Jumapili moja ya Januari, kikombe cha kahawa mkononi, katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Kilutheri, kaskazini mwa Minnesota. Mchungaji alikuwa ameuliza maisha mema ni nini. Wengi walisema wajukuu. Mama mmoja alisema Yesu, kisha akamtazama mchungaji kuona kama amepata maksi. Orrin alipoketi watu walicheka, ingawa walijua hatanii.

Alikuwa fundi bomba mstaafu, miaka sabini na mbili. Jino lake bovu aliling'oa mwenyewe kwa koleo. Mkewe Ardis alipofariki, majirani walileta chakula, akakataa, wakakiacha mlangoni mpaka kikaganda.

Kukataa si ajabu kule. Ukikaribishwa keki, unasema umeshiba. Ukikaribishwa tena, unasema wasijisumbue. Mara ya tatu ndiyo ya kweli, na hapo unakubali kipande kidogo. Anayepokea mara ya kwanza huonekana amelelewa na mbwamwitu. Jirani wa Orrin, Wendell Haugo, alikuwa amemkaribisha hivyo kwa miaka arobaini, na kila mara ile ya tatu Orrin alikula, tena alikula haswa.

Baada ya majigambo yale, Wendell akawa anaishia mara ya pili. Alidhani anamheshimu. Orrin akarudi nyumbani na njaa, Jumapili baada ya Jumapili, asiseme neno. Angesemaje?

Katikati ya Machi watu waliondoa vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, kabla barafu haijayeyuka. Walikwenda wawili wawili, watatu watatu, wakivutana kwa kamba. Orrin alikwenda peke yake, wa mwisho, kwa miguu. Simu aliiacha mezani. Kutembea nayo, alisema, ni kutembea na bakuli la kuombea.

Barafu ilikuwa imegeuka rangi, kutoka nyeupe hadi kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, na mahali pengine nyeusi kabisa, pale ilipokuwa nyembamba. Upande wa magharibi aliona maji yakimeta juu yake. Alipita mashariki. Mbao za chini ya kibanda zilikuwa zimegandia, akaanza kuzipigapiga kwa shoka. Kila alipopiga, kitu kilijibu kutoka chini, mbali, kama mtu anayeburuta kabati ghorofa ya chini. Kisha upepo ukageuka. Alipoinua kichwa, ufa ulikuwa umefunguka kati yake na ufuo wa mashariki, mpana kama barabara.

Wendell alitokea kwenye ukungu uliotanda juu ya ufa na mashua yake ya bati, akapiga makasia mpaka hatua kumi hivi kutoka aliposimama Orrin.

"Mzee, nafasi ipo. Panda twende."

"Aa, niko sawa," Orrin alisema. Mikono yake ilikuwa imelowa na vidole havimtii.

Wendell aliutazama ufa, akamtazama yeye. "Una hakika? Mimi narudi tu, si usumbufu."

"Usijisumbue, bwana. Nitazungukia magharibi."

Maji yaligonga bati taratibu. Orrin aliweka shoka chini, akajipangusa suruali kama mtu anayejiandaa kuingia nyumba ya watu, akasubiri.

Wendell aliona mtu aliyesimama wima, ambaye kanisa zima lilimsikia akisema haombi. Magharibi hakuwa amepita, hakujua pakoje. Kumkaribisha tena ingekuwa kumwita mwongo usoni.

"Haya basi," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Makasia yakaanza. Orrin alifungua mdomo. Neno alilolitaka ni dogo, mtoto wa miaka miwili analo, lakini yeye alikuwa hajalitumia miaka mingi sana na halikutoka. Ukungu ulimeza mashua, kisha sauti ya mashua. Aliokota shoka, akalitua tena, akaanza kutembea kuelekea magharibi, akikanyaga polepole pale palipokuwa peusi.

Walimpata Aprili kumi na tisa, barafu ilipokwisha. Kibanda kilielea mpaka ufuoni, kizima, na jiko lake ndani. Kikauzwa dola mia nne na hamsini.